Nani Awasaliti Makachero? Mwongozo kwa Wabishi wa Tamthilia

Kama hujamaliza Line of Duty, The Shield, msimu wa kwanza wa The Wire au msimu wa kwanza wa 24, acha kusoma hapa, nenda kamalize kwanza. Humu nitamwaga mtama wote, maana huwezi kumfundisha mtu kubishana kuhusu wasaliti huku unawaficha wasaliti wenyewe. Mliobaki, karibuni kijiweni.

Ubishi wenyewe mnaujua. Kikosi cha makachero kimeshakaa misimu miwili mitatu kikikamata wahalifu, halafu siri zinaanza kuvuja. Shahidi anauawa usiku wa kuamkia siku ya kutoa ushahidi. Polisi wanavunja mlango, wanakuta chumba kitupu na chai ingali ya moto. Mmoja wao anauza wenzake. Kuanzia hapo watazamaji hawatulii: huyu anasema ni bosi, yule anasema bosi hawezi, ni yule mgeni aliyehamia juzi. Na kwa kuwa hakuna ajuaye, anayeonekana kushinda ni mwenye koo pana.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kushinda kwa hoja. Nitaegemea zaidi Line of Duty ya BBC, iliyoandikwa na Jed Mercurio, kwa sababu sijui tamthilia nyingine ya makachero iliyowabishanisha Waingereza kwa muda mrefu namna ile. Ilianza mwaka 2012 BBC Two, ikahamia BBC One mwaka 2017, na sehemu ya mwisho ya msimu wa sita, Mei 2, 2021, ilitazamwa na watu takriban milioni 12.8. Inahusu AC-12, kitengo cha askari wanaochunguza askari wenzao. Nguzo zake ni tatu: Mrakibu Ted Hastings (Adrian Dunbar), Steve Arnott (Martin Compston) na Kate Fleming (Vicky McClure). Swali lililowakosesha watu usingizi ni jepesi kulitamka: kati ya hawa, au walio karibu nao, nani yuko upande wa genge la wahalifu lililowanunua askari?

Kwanza, jua unabishania nini

Kuna maswali mawili hapa, na wabishi wengi huyavuruga. La kwanza: nani ndiye msaliti? Hilo ni swali la ushahidi. Unarudi kwenye picha, unatazama nani alikuwa wapi, nani alipiga simu, nani alijua. La pili: nani anapaswa kuwa msaliti? Hilo ni swali la ufundi wa hadithi, yaani usaliti wa nani utaipa tamthilia uzito. Utamsikia mmoja akisema Kate anapaswa kuwasaliti wenzake, na mwenzake akamjibu kwamba haiwezekani, Kate siku ile alikuwa kituo kingine. Hao hawabishani. Kila mmoja anajibu swali lake, na wanaweza kukesha.

Tazama Line of Duty ilivyoishia. Yule "mtu wa nne" wa genge ndani ya polisi, aliyesakwa miaka na miaka, alikuwa Ian Buckells (Nigel Boyle), mkubwa wa kipolisi ambaye tangu msimu wa kwanza tulimjua kwa uvivu na kazi ya ovyo. Kwa swali la kwanza, Buckells anapita: alikuwepo tangu mwanzo, alipanda vyeo bila kuonekana anachofanya, na kosa lake la tahajia, kuandika "definately" badala ya "definitely", lilimfuata kutoka kwenye mawasiliano ya genge mpaka kwenye taarifa zake za zamani za kazi, ambako Chloe Bishop, kachero wa AC-12, alilikuta. Ushahidi umekamilika. Hata hivyo, watu wengi walizima televisheni wamenuna, kwa sababu Buckells alianguka vibaya kwenye swali la pili. Nani alimpenda? Nani pale AC-12 alikunywa naye hata kikombe cha chai? Alipokamatwa, hakuna aliyepoteza kitu.

Mimi mwisho ule nausoma hivi: ulikuwa shtaka dhidi ya taasisi. Msimu wa sita unamtaja Lawrence Christopher, kijana Mweusi aliyeuawa na kesi yake ikaharibiwa na polisi, na hakuna Mwingereza aliyeitazama bila kumkumbuka Stephen Lawrence, aliyeuawa London mwaka 1993, ambaye kesi yake ilizaa ripoti ya mwaka 1999 iliyolikuta jeshi la polisi la jiji hilo na ubaguzi wa kitaasisi. Katika jeshi la namna hiyo mpumbavu hupandishwa cheo kwa sababu upumbavu wake unawafaa wakubwa, na ufisadi hujificha nyuma ya uzembe. Kama kauli juu ya polisi, naiona nzito na ya kijasiri. Kama usaliti, ni chai isiyo na sukari. Hukumu zote mbili zinaweza kusimama pamoja, na mbishi mwerevu hazuii moja kwa sababu ya nyingine.

Hesabu nani yumo ndani

Chukua karatasi. Andika majina ya wanaokaa chumba kimoja na kikosi, wanaoshika mafaili, wanaojua operesheni kabla haijaanza. Mbele ya kila jina andika jambo moja tu: huyu akigeuka, nini kitakufa? Kama jibu ni "hakuna", mfute, hata kama ushahidi wote unamwelekea. Asiyependwa hawezi kusaliti. Anaweza kuharibu, kuiba, hata kuua, lakini kusaliti kunataka kwanza uaminiwe.

Kosa linaloonekana sana katika hatua hii ni kumchagua mwigizaji badala ya mhusika. "Haiwezekani wamlete mtu mkubwa vile kwa kazi ndogo." Waandishi wanajua kuwa unafikiri hivyo, nao wanakula hapohapo. Msimu wa pili wa Line of Duty, mwaka 2014, ulimleta Jessica Raine, sura inayojulikana, awe kachero mpya wa AC-12. Hakuvuka sehemu ya kwanza; alirushwa kutoka dirisha la hospitali. Msimu wa sita ukaonyesha picha ya James Nesbitt kama Marcus Thurwell, na watu wakaapa kwamba kigogo amepatikana. Nesbitt hakutokea kwenye onyesho hata moja akiwa hai. Zilikuwa picha tu, na Thurwell alikutwa ameshakufa. Kwa hiyo umaarufu wa mwigizaji uweke kando kabisa. Kama lazima uutumie, utumie kinyume: mwenye jina kubwa aliyeingia msimu huu ana nafasi zaidi ya kufa kuliko ya kusaliti.

Mtazame badala yake aliyekuwepo tangu zamani bila kelele. Mwaka 2012, katika msimu wa kwanza, kuna mtoto wa baiskeli anayetumwa na genge, Ryan Pilkington. Ndiye aliyekaribia kumkata Steve vidole. Mwishoni mwa msimu wa tano tunamwona tena akiwa mtu mzima anayeingia mafunzo ya polisi, na msimu wa sita yuko kazini na sare yake. Mwigizaji ni yuleyule, Gregory Piper, amekua mbele ya macho yetu. Mbegu ilipandwa miaka tisa kabla. Ryan hakuwahi kuwa wa AC-12, kwa hiyo simhesabu miongoni mwa wasaliti wa kikosi, ila ukitaka mfano wa uvumilivu wa mwandishi, ndio huo.

Tujue, au tusijue?

Hapa ndipo ubishi unanoga, na ndipo wabishi wengi hawafiki. Kabla hujamtaja msaliti wako, sema mtazamaji amjue lini.

Mfano wangu wa kwanza ni Matthew Cottan, "Dot", aliyeigizwa na Craig Parkinson. Mwishoni mwa msimu wa kwanza tunaonyeshwa waziwazi kwamba Dot ni mtu wa genge, kijana aliyembebea Tommy Hunter, kiongozi wa genge, vyuma vya gofu akawekwa polisi na huyohuyo Hunter. Kisha tunamwona akiingia AC-12 kwenyewe. Sisi tunajua, Hastings, Steve na Kate hawajui. Tangu siku hiyo kila anapomletea mtu kikombe cha chai unapata homa. Msimu wa tatu, mwaka 2016, anamuua kwenye gari Lindsay Denton, askari wa zamani aliyeshika ushahidi dhidi yake, anamsukumia Steve lawama, na mwisho, akibanwa katika chumba cha mahojiano, anatuma ujumbe wa simu kwa siri na kutoroka kwa risasi. Kate anamkimbiza mitaani. Na anapokaribia kufa, ni kwa sababu amejitupa mbele ya risasi iliyokuwa ya Kate.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mtu aliyewauza wote alimpenda mmoja wao kikweli, na mapenzi hayo hayakumzuia kuwauza. Sijaona msaliti bora zaidi katika tamthilia ya makachero, na angalia: hakuwa fumbo hata siku moja. Wanaoamini kwamba usaliti lazima uwe mshtuko wa dakika ya mwisho wamtazame Dot tena.

Upande wa pili yuko Nina Myers wa 24. Kikosi chake ni cha kupambana na ugaidi zaidi kuliko cha makachero, lakini somo linafaa. Msimu wa kwanza, 2001 hadi 2002, ulikwisha kwa kufichua kwamba Nina, msaidizi wa Jack Bauer, shujaa wa tamthilia, na mpenzi wake wa zamani, ndiye aliyekuwa akiuza siri, na akamuua Teri, mke wa Jack. Mshtuko ulikuwa wa kweli. Tatizo ni kwamba waandishi walifikia uamuzi huo msimu ukiwa umeshasonga, na Sarah Clarke mwenyewe aliambiwa akiwa amekwisha kuigiza sehemu nyingi kama mtu mwaminifu. Ukirudia msimu ule tangu saa ya kwanza, utakuta mahali ambapo Nina yuko peke yake, hakuna wa kumdanganya, na bado anaonyesha wasiwasi wa mtu asiye na hatia. Anamwigizia nani?

Hilo ndilo jaribio la kurudia, na ulitumie bila huruma. Mtajwa wako akisaliti mwishoni, rudi mwanzo umtazame upya. Kila onyesho lake linapaswa kupata maana ya pili bila kuivunja ya kwanza. Waandishi wa hadithi za upelelezi walilijadili jambo hili mapema. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyeandika hadithi hizo, alitunga kanuni kumi za mchezo, na mojawapo ilisema mpelelezi mwenyewe asiwe mhalifu. Lakini miaka mitatu nyuma, mwaka 1926, Agatha Christie alikuwa ameshasogea hadi ukingoni: katika The Murder of Roger Ackroyd msimulizi, daktari aliyekaa bega kwa bega na mpelelezi Poirot, ndiye muuaji. Wasomaji wengine walilalamika kwamba wamechezewa rafu. Ukirudia kitabu kile unakuta daktari yule hakukudanganya; aliruka tu dakika chache. Kipimo changu kwa televisheni ni hichohicho: msaliti ana ruhusa ya kunificha, hana ruhusa ya kunidanganya akiwa peke yake na kamera.

Kwa wale tuliolelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyeanza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, fanyeni zoezi dogo. Mchukueni Najum, mwandani wake, mumfanye msaliti. Mtakayoisikia mioyoni, ile ya kutaka kumpiga mwandishi, ndiyo bei ya usaliti. Mtajwa asiyekupa hata robo ya maumivu hayo, mwache.

Bei na sababu

"Alihongwa" ni jibu la mvivu. Fedha peke yake hazimtoshi mhusika tuliyekaa naye misimu mitatu. Uliza fedha za nini: deni lipi, mgonjwa gani, aibu gani anayotaka kuifunika. Na usidhani lazima awepo mtu mwenye bunduki nyuma yake.

Chukua The Wire, msimu wa kwanza, mwaka 2002. Kikosi cha Luteni Cedric Daniels huko Baltimore kinafuatilia genge la Barksdale, na kila kinachopangwa kinamfikia Burrell, mkubwa ambaye hataki kesi ile ikue. Anayepeleka habari ni Ellis Carver, kijana mcheshi wa kikosi, mtu wa utani na bia juu ya paa la gari. Malipo yake? Cheo cha usajini. Hakuna aliyekufa kwa sababu yake, hakuna genge lililomtuma. Alipeleka habari kwa bosi wa bosi wake, jambo ambalo katika ofisi nyingi lingeitwa bidii. Daniels anamtambua, anamsema faraghani kwa utulivu unaouma kuliko makofi, na maisha yanaendelea. Tena Carver, misimu iliyofuata, anakuwa mmoja wa askari bora kabisa wa tamthilia ile.

Naupenda mfano huu kwa sababu unavunja imani mbili kwa mpigo: kwamba usaliti lazima uwe mkubwa, na kwamba msaliti lazima afe au afungwe. Mkiwa mnabishana na mtu akadai mhusika fulani hawezi kusaliti kwa sababu "bado wanamhitaji msimu ujao", mtajie Carver.

The Shield (2002 hadi 2008) iko kwenye ncha nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo shule kuu ya somo hili. Kikosi ni cha watu wanne jijini Los Angeles: Vic Mackey, Shane Vendrell, Curtis Lemansky anayeitwa Lem, na Ronnie Gardocki. Ni wezi wenye beji. Sehemu ya kwanza kabisa, Vic anampiga risasi ya uso askari mwenzao, Terry Crowley, aliyepenyezwa ili awachunguze. Simama hapo kidogo. Kwa macho ya kikosi, msaliti alikuwa Terry, mtu pekee aliyekuwa akifanya kazi ya polisi. Kwa hiyo, kabla hamjaanza kubishana kuhusu kikosi chochote, kubalianeni kwanza: anasalitiwa nani? Wenzake, sheria, au sisi tunaotazama?

Mwishoni mwa msimu wa tano, mwaka 2006, Lem yuko mbioni, anakabiliwa na kifungo, na Shane anaogopa kwamba akibanwa atasema. Lem ndiye mwenye moyo safi kuliko wote wanne. Shane anamletea chakula, anadondosha bomu la mkono ndani ya gari lake, kisha anasimama pale akilia. Hakuongozwa na chuki wala tamaa. Ilikuwa hofu, na yule aliyemuua alikuwa akimpenda. Watazamaji walimchukia Shane kwa miaka miwili mfululizo, wakiamini wameshamjua msaliti wa tamthilia ile.

Kumbe bado. Mwaka 2008, mwishoni mwa yote, Vic anapata kinga ya kutoshtakiwa kutoka mamlaka ya shirikisho, anakaa mezani na kukiri kila kitu tangu Terry. Kinga hiyo haimfuniki Ronnie, ambaye hakuwahi kumgeuka mtu, na Ronnie anatiwa pingu kituoni mbele ya Vic. Vijiweni wanasema staringi hafi. Sawa. Lakini hakuna aliyewahi kusema staringi hasaliti. Aliyekuwa akibishana kati ya 2002 na 2008 na akamtaja Vic, huyo ndiye aliyekuwa anatazama.

Usijenge nyumba juu ya herufi

Turudi AC-12 kwa sababu kuna mtego mmoja uliowanasa maelfu. Dot, akivuja damu barabarani, anatoa tamko lake la mwisho kwa Kate, na jibu lake linaangukia kwenye herufi H. Basi! Kuanzia hapo Uingereza nzima ikawa inahesabu H: Hastings, Hilton, Huntley, Hunter. Msimu wa nne, mwaka 2017, Derek Hilton, mkubwa wa polisi, anakutwa amekufa na inaonekana ndiye. Msimu wa tano, mwaka 2019, Steve na Kate wanaitazama tena video, wanaona vidole vya Dot vikigonga: nukta nne, ambazo katika alama za Morse ndizo H. Alikuwa anasema ni watu wanne. Yeye mwenyewe, Hilton, mwanasheria Gill Biggeloe, na mmoja aliyebaki. Aliyebaki akaja kuwa Buckells, ambaye huwezi kupata H kwenye jina lake hata ukilipindua.

Kwa hiyo dalili inayotegemea jina, herufi, rangi ya koti au wimbo wa mwisho ipe alama ndogo. Mwandishi anaweza kuibadilishia maana kwa onyesho moja. Dalili asiyoweza kuibadilisha ni kitendo kilichofanyika mbele yetu na matokeo yake.

Na hapo ndipo watu walipomkosa Hastings. Faili lake lilikuwa limejaa: alipoteza akiba yake kwenye uwekezaji wa majengo, ndoa ikavunjika, akahamia hotelini; akaifunga kompyuta yake na kwenda kuiharibu; zikakutwa paundi 50,000 chumbani kwake; naye pia, akijifanya H kwenye mtandao wa genge, akaandika "definately". Walioamini ni yeye walijumlisha hayo yote wakapata H. Waliompinga wakasema mzee yule hawezi, mbona anachukia rushwa kiasi kile. Wote wawili walikuwa wakimtafutia genge.

Kitendo chenyewe kilikuwa mahali pengine. John Corbett (Stephen Graham) alikuwa askari aliyejipenyeza ndani ya genge, na alimchukia Hastings akiamini ndiye aliyemponza mama yake, Anne-Marie McGillis, aliyeuawa na wanamgambo huko Ireland ya Kaskazini, enzi Hastings akiwa askari kijana kule. Hastings alikwenda gerezani kumwona Lee Banks, mtu wa genge. Baada ya hapo genge likajua lina askari ndani yake, na Corbett akachinjwa. Msimu wa sita ndio unaothibitisha: Hastings ndiye aliyemdokezea Banks kwamba kuna askari ndani ya genge, na mwishoni anakiri mwenyewe mbele ya Patricia Carmichael, mkubwa wa polisi aliyewahi kumchunguza. Fedha nyingine, ambazo hazikukutwa chumbani, alimpelekea mjane wa Corbett. Mtu anayepeleka fedha kwa mjane bila kuombwa anajua anachodaiwa.

Hukumu yangu ni hiyo: msaliti aliyepaswa kuwa wa AC-12 ni Ted Hastings, na alikuwa. Hakuhongwa, hakuwa wa genge, hakupanga kifo. Alitamka neno moja kwa hasira na majivuno dhidi ya askari aliyemwona mhaini, na mtoto wa mwanamke aliyeshindwa kumlinda akafa kifo kilekile cha mama yake. Weka jambo hilo kwenye vipimo vyetu. Anapendwa? Kuliko wote. Sababu ni ya kibinadamu? Naam. Linapita jaribio la kurudia? Rudia msimu wa tano umtazame usoni baada ya gereza. Tamthilia ililisema hili kwa sauti ya chini huku ikipiga kelele kuhusu Buckells, na hilo ndilo kosa lake pekee ninalolishikilia.

Kanuni za baraza

Mkikutana kubishana, wekeni utaratibu kidogo. Kila mmoja aandike jina lake kabla ya sehemu ya mwisho, kwenye kundi la WhatsApp au popote panapobaki tarehe, pamoja na sababu moja na kitu kimoja kitakachopotea. Asiyeandika hana haki ya kusema "nilijua tangu mwanzo". Kauli hiyo ndiyo imeua mabaraza mengi kuliko wasaliti wote wa televisheni. Anayeweza kubadili mawazo katikati ya msimu aruhusiwe, ila aseme ni onyesho gani lililombadilisha.

Anayetazama kwa kuchelewa aheshimiwe. Wengi wetu tunapata misimu mizima kwa mpigo, kwa bando la usiku au kwa flashi ya jirani, na hatuko pamoja kwenye mstari. Uliza umefika wapi kabla hujafungua mdomo. Na chuki ya mhusika ibaki kwa mhusika: Craig Parkinson hakumuua Denton.

Mwisho ni kazi ya nyumbani. BBC ilitangaza mwishoni mwa 2025 kwamba Line of Duty inarudi kwa msimu wa saba, na Dunbar, Compston na McClure wote wamo. Karata yangu naiweka kwa Kate Fleming. Ndiye kati ya watatu ambaye kazi yake kwa misimu mingi ilikuwa kujipenyeza na kudanganya watu wanaomwamini. Anaijua kazi hiyo kuliko yeyote, na tumezoea kumshangilia anapoifanya kwa wengine. Sababu yake itakuwa mtu anayemlinda, na kitakachokufa ni urafiki wake na Steve. Wewe andika wako kabla ya sehemu ya kwanza, utie na tarehe.